Ganda, Kokwa na Kichakataji: Kiswahili Mbele ya Mstari wa Amri

Mjadala kuhusu Kiswahili na tarakilishi umekuwapo kwa muda mrefu katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na kwa kiasi kikubwa umekuwa mjadala wa sura. Huulizwa kitufe hiki kiitweje, dirisha lile liitweje, na iwapo chombo chenyewe ni tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Mjadala huo haukukosa matunda. Mnamo mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Katika mwongo huohuo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa baadhi ya programu zake kwa Kiswahili. Mtu akaweza kufungua faili, kuihifadhi na kuichapisha bila kukutana na neno la Kiingereza.

Hata hivyo, sura ya tarakilishi si tarakilishi. Nyuma ya madirisha na picha kuna mahali pengine ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki: mstari wa amri. Hapo hakuna picha wala kitufe. Kuna kiwambo kitupu kinachosubiri mtu aandike neno, na neno hilo likiandikwa sawasawa mashine hutii. Kwa kawaida seva za vyuo, za benki na za idara za serikali huongozwa kutoka hapo. Mahali hapo Kiswahili hakijapiga hodi, na wengi wa wapenzi wake hawajui kwamba kuna mlango.

Makala haya yanadai mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kinaweza kuieleza kazi ifanywayo kwenye mstari wa amri. Pili, katika baadhi ya mambo kinaieleza kwa uwazi unaokishinda Kiingereza. Tatu, kikwazo kilichopo si uhaba wa maneno bali ni mazoea ya kubuni istilahi moja moja, kana kwamba kila neno ni yatima, badala ya kuzibuni kama familia. Mfano utakaotumika ni mmoja tu, nao ni usimamizi wa vichakataji.

Kazi yenyewe

Kichakataji ni ile sehemu ya tarakilishi inayotekeleza maagizo ya programu: kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha data kutoka mahali hadi mahali. Kwa miaka mingi tarakilishi ya mezani ilikuwa na kichakataji kimoja, na kila alipotaka kasi zaidi mtengenezaji alikiongezea mwendo. Njia hiyo ilifika ukingoni kwa sababu ya joto, kwani mwendo ukizidi chombo huungua. Ndipo watengenezaji walipokumbuka waliyoyajua wahenga, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa POWER4, kipande kimoja chenye viini viwili vya kuchakata. Mwaka 2005 AMD na Intel zilifuata kwa tarakilishi za kawaida. Leo hata simu ya mkononi huwa na viini kadhaa.

Vichakataji vikiwa vingi, hapana budi pawe na anayevigawia kazi. Mgawaji huyo ni kokwa la mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayotawala maunzi yote. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo nahodha ni mmoja, naye ni kokwa. Lakini kuna nyakati ambapo msimamizi wa mfumo hulazimika kumwelekeza nahodha. Huenda kichakataji kimoja kimeanza kutoa makosa na kinapaswa kutengwa kabla hakijaangusha mfumo mzima. Huenda anataka kupima iwapo programu itamudu kufanya kazi katika mashine yenye vichakataji vichache. Huenda kazi moja muhimu inahitaji kichakataji chake pekee, isisumbuliwe na nyingine.

Katika mfumo wa Solaris, amri psrinfo huorodhesha vichakataji vyote na hali ya kila kimoja, pamoja na tarehe na saa kilipoingia katika hali hiyo. Amri psradm -f 3 hukiondoa kazini kichakataji nambari 3, na psradm -n 3 hukirejesha. Katika Linux, lscpu hueleza mpangilio wa vichakataji, chcpu -d 3 hukiondoa kichakataji nambari 3 na chcpu -e 3 hukirudisha. Amri taskset -c 2,3 huagiza kwamba programu fulani itumie vichakataji nambari 2 na 3 tu. Hesabu huanzia sifuri, hivyo kichakataji nambari 3 ni cha nne. Amri hizi ni fupi, na mwanafunzi mwenye bidii atazikariri kwa saa moja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Amri iliyokaririwa bila dhana yake hugeuka talasimu. Mtu huiandika kama alivyoiona ikiandikwa, na ikifaulu hajui kwa nini, na isipofaulu hajui aanzie wapi. Anayeandika chcpu -d 3 huku akidhani kwamba amekata umeme wa kipande fulani cha maunzi ana picha moja akilini. Anayejua kwamba amemwambia nahodha asimpe kazi baharia wa nne, na kwamba kazi alizokuwa nazo zitahamishiwa wenzake, ana picha nyingine. Wa kwanza atashangaa kuona mashine ikiendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Wa pili atatazama iwapo mabaharia waliosalia wanaumudu mzigo.

Ganda na kokwa

Neno kokwa limekwisha kutumika mara kadhaa bila kufafanuliwa, na pengine msomaji ameielewa maana yake hata hivyo. Kuelewa huko si bahati tu.

Waasisi wa mfumo wa UNIX, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya Bell nchini Marekani, walianza kuujenga mwaka 1969. Katika utamaduni wa UNIX, na baadaye wa Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mfumo huelezwa kwa taswira ya tunda. Programu inayopokea amri za mtu na kuzipitisha ndani huitwa kwa neno lenye maana ya ganda. Ile ya ndani kabisa inayotawala maunzi huitwa kwa neno lenye maana ya kokwa. Ganda liko nje, mtu hukutana nalo kwanza. Kokwa liko ndani, haliguswi moja kwa moja.

Baadhi ya waandishi wa Kiswahili waliolitafsiri neno hilo la pili wamelipa jina la kiini. Likitazamwa peke yake, neno hili halina kosa. Tatizo huzuka pale vichakataji vinapoingia. Kila kipande cha kisasa cha kuchakata kina sehemu kadhaa zinazofanya kazi sambamba, na sehemu hizo nazo zimeitwa viini. Basi na itazamwe sentensi hii: kiini hugawia viini kazi. Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni kiini kipi kinachogawia viini vipi. Wala si maneno ya nyanja mbili zilizo mbali. Kiini cha seli katika biolojia na kiini cha atomu katika fizikia vinaweza kuishi salama, kwa kuwa havikutani katika ukurasa mmoja. Dhana hizi mbili za tarakilishi hukutana katika sentensi moja, tena kila siku.

Kokwa linalitatua jambo hili mara moja. Ganda na kokwa ni maneno ambayo mtoto yeyote aliyekula embe anayajua, na uhusiano kati yao hauhitaji kufunzwa. Kiini kinabaki kuwa sehemu ya kichakataji. Sentensi iliyotatiza hapo juu inakuwa: kokwa hugawia viini kazi. Hakuna neno jipya lililozuliwa. Maneno yaliyokuwapo yamepewa viti vyao.

Vivyo hivyo kwa neno uzi. Viini vingi vya kisasa huweza kubeba mifuatano miwili ya maagizo kwa wakati mmoja, na kila mfuatano huitwa uzi. Kwa hiyo lscpu ikionyesha soketi 1, viini 4 na nyuzi 2 kwa kila kiini, mfumo huhesabu vichakataji 8. Soketi ni neno la mkopo, na liachwe lilivyo, kwani fundi yeyote wa umeme analijua. Anayeelewa kwamba nyuzi mbili hukaa ndani ya kiini kimoja ataelewa pia kwamba vichakataji 8 vya aina hii havina nguvu ya viini 8. Ataelewa vilevile yaliyotokea mwaka 2018, wakati watafiti walipofichua kasoro za kiusalama zilizohusu siri kuvuja baina ya kazi zinazoshiriki kiini kimoja. Mwaka huo mfumo wa OpenBSD uliamua kuzima uzi wa pili kwa kawaida, na Linux ikawapa wasimamizi njia ya kuamua wenyewe kwa kuandika neno moja katika faili. Kuamua kunahitaji kuelewa, na kuelewa kunahitaji maneno yasiyogongana.

Kazi ya ngeli

Hoja ya pili ni ya kisarufi, nayo inawahusu wanafunzi wa isimu zaidi ya wahandisi.

Kitenzi kuchakata hakikuzaliwa katika chumba cha tarakilishi. Nchini Tanzania husemwa kuchakata mkonge: majani huingia mashinini, nyuzi zikatoka. Kutokana na kitenzi hicho lugha imezaa familia nzima kwa njia zake za kawaida za uundaji wa maneno. Uchakataji ni kitendo. Mchakato ni programu iliyo katika hali ya kutendeka. Kichakataji ni chombo kinachotenda. Mchakataji, akihitajika, ni mtu. Shina ni moja, ngeli ni nne, na kila ngeli ina upatanisho wake.

Upatanisho huo si pambo. Na zichukuliwe sentensi mbili zifuatazo: Baada ya mchakato kufungamanishwa na kichakataji, ulisimamishwa. Baada ya mchakato kufungamanishwa na kichakataji, kilisimamishwa. Katika ya kwanza programu moja imekoma. Katika ya pili chombo kimeondolewa kazini na kila kilichokuwa juu yake lazima kihamishwe. Tofauti kati ya matukio hayo mawili, kwa msimamizi wa seva, ni kubwa mno, nayo imebebwa na kiambishi kimoja. Kiingereza, ambacho hutumia kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote visivyo na uhai, kitalazimika kurudia nomino ama kumwacha msomaji akikisia.

Sasa na yatazamwe matokeo ya kukopa ovyo. Wapo wanaopendekeza prosesa kwa chombo na prosesi kwa programu inayotendeka. Maneno haya yote mawili huingia katika ngeli ya I-ZI. Sentensi inakuwa: Baada ya prosesi kufungamanishwa na prosesa, ilisimamishwa. Ni ipi iliyosimamishwa? Mkopo umeleta maneno mawili yanayofanana kwa sauti, ukayaweka katika ngeli moja, ukaipokonya sarufi ya Kiswahili silaha yake bora. Hili halimaanishi kwamba kukopa ni dhambi. Soketi na seva zimekubaliwa hapa bila kinyongo. Linamaanisha kwamba kabla ya neno kukopwa yafaa kuulizwa litaingia ngeli gani, na litakuwa na jirani gani katika ngeli hiyo.

Upole, kupumzika na kufungamana

Baada ya nomino huja vitenzi, na hapa pia uteuzi una uzito. Kichakataji kilichoondolewa kazini kwa psradm au chcpu hakijazimwa kwa maana ya kukatiwa umeme kama taa. Kipo, mfumo unakitambua, lakini hakigawiwi michakato. Kitenzi kinachofaa ni kupumzisha, na kinyume chake ni kurejesha kazini. Anayesoma kwamba kichakataji kimepumzishwa hatakitafuta kwa bisibisi.

Kufungamanisha nako kuna adabu yake. Iwapo mchakato umefungamanishwa na kichakataji nambari 3 pekee, kisha msimamizi akaagiza kipumzishwe, nini kitatokea? Mifumo hutofautiana. Solaris huikataa amri hiyo, mpaka msimamizi ailazimishe kwa kutumia herufi kubwa F. Linux huvunja fungamano na kuuhamishia mchakato kwingine. Mfumo mmoja huheshimu ahadi iliyowekwa, mwingine hutanguliza uendelevu wa kazi. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kupima migogoro ya wahusika hatashindwa kuona kwamba kila upande una mantiki yake.

Mfano ulio bora zaidi labda ni wa amri nice. Kila mchakato hupewa nambari kuanzia -20 hadi 19, nayo huathiri sehemu ya muda wa kichakataji ambayo mchakato huo utapata. Vitabu vingi huieleza nambari hii kuwa kipaumbele, na wanafunzi hutatizika kila mwaka, kwa kuwa nambari kubwa huleta nafasi ndogo. Ikiitwa kiwango cha upole, mkanganyiko unakwisha. Mchakato mpole zaidi huwapisha wengine zaidi. Mwenye upole wa 19 hungoja wote, na mwenye -20 hajui kungoja. Hata kanuni inayofuata inaeleweka bila maelezo marefu: mtumiaji wa kawaida aweza kuongeza upole wa michakato yake, lakini kwa kawaida haruhusiwi kuupunguza, kwani ukali ni haki ya msimamizi peke yake.

Mantiki hiyohiyo ya kufafanua kwa lugha iliyo karibu na maisha hufaa hata kwa nadharia. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba faida ya kuongeza vichakataji ina kikomo kinachowekwa na sehemu ya kazi isiyogawanyika. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi lazima ifanywe kwa mfuatano, hata vichakataji 1,000 havitaiharakisha kazi yote mara 10. Kanuni hii huogopesha inapoandikwa kwa alama za hisabati. Lakini kila aliyewahi kupika ugali anaijua: unga waweza kuchungwa na watu watano, mboga zikakatwa na wengine watano, ila maji hayachemki upesi kwa sababu wapishi wameongezeka.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba ikiwa Kiswahili kitaingia kwenye mstari wa amri, basi amri zenyewe zitafsiriwe. Msimamo huu una moyo mzuri lakini unakosea. Psradm, taskset na chcpu si maneno ya Kiingereza sanifu. Ni majina ya programu, na Mwingereza asiyezisomea hazimwambii lolote. Zikibadilishwa, hati zote zilizoandikwa kwa amri hizo zitaacha kufanya kazi, na fundi wa Eldoret hataweza kusaidiana na fundi wa Bangalore. Anayependa majina yake mwenyewe anaweza kuyaweka, kwa maana ganda humruhusu mtumiaji kuipa amri jina la utani. Lakini utani haufunzi. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo yanayoizunguka amri: miongozo, ujumbe wa makosa na vitabu vya mafunzo. Programu nyingi za mifumo huria zimetengenezwa kwa namna ambayo ujumbe hukaa katika faili za kando zinazoweza kutafsiriwa bila amri kuguswa. Nyumba imejengwa ikiwa na chumba cha mgeni.

Wengine watasema kwamba kila anayesimamia seva nchini Kenya anajua Kiingereza, hivyo juhudi hii ni ya bure. Kujua Kiingereza cha kufaulia mtihani na kukifikiria kwacho jambo jipya ni mambo mawili tofauti. Mafundi wanaposaidiana kazini huzungumza Kiswahili kilichochanganywa, na dhana huelezwa kwa mikono na kwa mifano. Kinachokosekana ni Kiswahili kilichopangwa na kuandikwa, kitakachomfikia hata yule asiye na mwenzake wa kumuuliza. Aidha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi unaoishia kwenye hotuba, ukakomea nje ya mlango wa chumba cha seva, ni urasmi nusu.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko hayo mawili: kwamba istilahi haziamriwi, huzoewa. Ni kweli. Huenda kokwa likakataliwa na watumiaji, na huenda prosesa ikashinda kwa sababu tu imetangulia kufika. Historia ya istilahi za Kiswahili ina majina mengi yaliyobuniwa vizuri yakafia kabatini. Lakini mengi ya hayo yalikufa kwa sababu yalichapishwa katika orodha na kuachwa humo, bila kutiwa katika sentensi, na sentensi kutiwa katika kazi. Neno huzoewa kwa kutumika mahali linapohitajika.

Mwito

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili bila kungoja wizara wala wafadhili. Mwanafunzi wa isimu akae na mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, waandike pamoja mwongozo wa kurasa chache juu ya kazi moja tu, kama hii ya vichakataji. Mwongozo huo upewe watu wasioujua mfumo, wajaribu kuufuata, na kila neno litakalowakwamisha litiwe alama na kutazamwa upya. Wahadhiri nao wawakubalie wanafunzi kuandika tasnifu juu ya istilahi zinazofanya kazi kwa pamoja, badala ya orodha za maneno yaliyotengana. Tayari kuna mfano wa kazi ya aina hiyo: mwaka 1990 TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Shutuma kwamba Kiswahili hakijitoshelezi katika sayansi huwachoma wanaokisoma, nao hujibu kwa kuhesabu misamiati. Jibu lenye nguvu zaidi ni maelezo yanayomwezesha mtu kufanya kazi. Siku msimamizi wa mfumo atakaposoma kwa Kiswahili kwamba mchakato umefungamanishwa na kichakataji nambari 3, akajua kwa kiambishi tu ni kipi kilichosimamishwa, na akachukua hatua inayofaa kabla seva haijaanguka, shutuma hiyo itakuwa imepata jibu lake.